Mwezi wa Ishirini na Tano

Benita Mbuyi alikuwa na kazi ambayo ndugu zake walishindwa kabisa kuielewa: alilipwa ili atazame nukta. Nukta zenyewe zilikuwa kumi na moja, na kila moja ilikuwa lori la Papa Mbusa, mfanyabiashara wa jumla aliyetoka Butembo zamani na marobota matatu ya vitenge, leo ana ofisi ya ghorofa moja na ua mpana wa kuegesha magari. Nyuma ya usukani wa kila lori kulikuwa na kisanduku kidogo kilichotuma habari ofisini: niko hapa, nakwenda kwa mwendo huu, saa ni hii. Kwenye kioo cha kompyuta habari hizo ziligeuka nukta za kijani, zikatambaa polepole kuelekea Kasumbalesa, zikapanga foleni mpakani na kulala hapo siku mbili, tatu, bila haraka yoyote.

Wenzake wa ofisini walimwita Madame Ramani, na hakukasirika. Alikuwa mtu wa kuondoka bila kusimama. Angetazama nukta moja kwa muda, na mara angekuwa ndani ya lori lile, dirisha wazi, vumbi jekundu kwenye nyusi, dereva akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti mbovu. Chai yake ilipoa mezani. Mwezi wa kumi ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu mijakaranda ya barabarani ilikuwa imechanua na maua ya zambarau yalianguka juu ya paa za magari, moja moja, na mtu wa aina yake akiona hivyo, basi asubuhi imekwisha.

Nukta moja aliipenda kuliko zote, na wa kumlaumu hayupo. Hiyo peke yake haikwenda Kasumbalesa. Kila Jumatano usiku ilishika njia ya Kasenga, na kila Alhamisi ikarudi na samaki wa Luapula ndani ya sanduku la baridi. Dereva wake alikuwa Franck Kabanga, pacha wake.

Kwa Waluba wa Kasai jambo hili halina mjadala. Pacha anayetangulia kutoka ni Mbuyi, anayefuata ni Kabanga, hata kama baba alikuwa na majina mengine mazuri mfukoni. Mtu akisikia jina Mbuyi, papo hapo anauliza Kabanga yuko wapi. Mama yao, Mama Albertine, tangu siku ya kujifungua hakuitwa tena Albertine na majirani, aliitwa Mwambuyi, mama wa Mbuyi. Na masharti yalikuwa mengi. Ukimpa mmoja ndizi, umpe na wa pili. Ukimsalimu mmoja, usimpite mwenzake. Mezani, Mbuyi ndiye anayeanza na Kabanga anafuata. Mama Albertine alilishika sharti hilo la mwisho kama amri ya Mungu, na watoto wake wakalizoea hata wakafikisha miaka thelathini na nne bila kujiuliza.

Sasa, kwa wiki tatu mfululizo, nukta ya Kabanga ilikuwa inazimika kila Alhamisi mchana, katikati ya njia. Saa tatu nzima hakuna kitu. Halafu inatokea tena karibu na mji, inakwenda zake kana kwamba hakuna lililotokea.

Jumatatu Papa Mbusa alimwita Kabanga ofisini, mbele ya Benita.

"Kabanga, minakuuliza mara moja tu," alisema, akitaka kujua kwa nini waya wa kile kisanduku unachomolewa. "Juu ya nini unatosha fil ya ile appareil?"

"Patron, miye sitoshake fil. Hata siku moja."

"Masaa tatu camion haionekane. Zenye kuwa ku Kasumbalesa zote zinaonekana. Ni yako tu njo inafichama."

"Katikati ya ile njia réseau haiko, patron. Semaine tatu sasa ma-antenne inazimikaka muchana."

"Réseau haiko, bon. Mais fundi mwenye kuweka hizi bintu aliniambia: réseau ikikosa, appareil inaweka ma-message ndani, na réseau ikirudia, inatuma yote. Yako haitume kintu. Donc iko mukono ya muntu." Papa Mbusa alivua miwani. "Samedi, saa sita ya muchana, kama hamuna kunionyesha kwenye camion ilikuwa, utaweka clé ku hii meza." Yaani Jumamosi funguo za lori mezani, na kazi imekwisha.

Papa Mbusa hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo jambo lilipokuwa gumu. Angekuwa mbaya wangemchukia na kupumzika. Lakini miaka miwili nyuma dereva mwingine alichomoa waya kweli, akaenda na lori la mchele mahali ambapo hakuna aliyemtuma, na tangu siku ile Papa Mbusa alikuwa mtu aliyeumwa na nyoka mguu uleule anaokanyagia.

Nje, uani, Benita alimvuta kaka yake pembeni.

"Niambie kweli. Ulisimama fasi ku njia?"

"Sikusimama. Naapa ku kichwa ya mama."

"Minakuamini," alisema Benita. Na alipokuwa akisema hivyo, alikuwa anatazama viatu vyake.

Jumanne asubuhi alikaa kwenye kompyuta na, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, hakutazama ramani. Alitazama nyuma yake. Programu iliyopokea habari za malori iliwekwa na fundi mmoja aliyekwishahamia Kolwezi na kubadili namba ya simu, kama mafundi wafanyavyo. Benita alisoma informatiki, elimu ya kompyuta, miaka mitatu na alijua kiasi cha kutoogopa. Aliona kwamba programu ile ilifanya kazi kama mtu anayesimama mlangoni mwa harusi: ujumbe ukija, inatazama kichwa chake tu, yaani namba mbili za mbele kabisa. Ikizitambua, karibu, ingia. Isipozitambua, haibishani, inautupa ujumbe kwenye faili moja iliyoitwa "inconnu", yaani asiyejulikana.

Faili hiyo haikuwa imefunguliwa na mtu tangu ianze. Ilikuwa kubwa. Benita alitazama saa iliponenepa mara ya mwisho: Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Ndiyo saa ambayo lori la Kabanga huingia tena kwenye mtandao.

Ndani yake hapakuwa na maneno. Kisanduku cha lori hakijui Kiswahili wala Kifaransa, kinaongea namba tupu, na ukizifungua kama barua ya kawaida unaona takataka tu, alama za kuchekesha na nafasi zilizo wazi. Lakini kuna amri ndogo iitwayo xxd inayozigeuza namba hizo ziwe jozi za kusomeka, tarakimu kumi za kawaida na herufi sita za kuazima, a mpaka f. Benita aliiandika, na kioo kikajaa jozi kutoka juu mpaka chini. Alizitazama kwa muda mrefu. Kwa mwingine ingekuwa ukuta. Kwake ilikuwa kama kusimama dirishani mvua ya kwanza inaponyesha, mtu hahesabu matone lakini anajua inanyesha kutoka upande gani.

Ujumbe wa kila siku, ule ambao mlango uliutambua, ulianza daima na 78 78. Hawa wa kwenye faili walianza na nini? Alianza kuandika skripti, karatasi ya amri fupi fupi zinazopokezana kazi: ya kwanza igeuze namba, ya pili ikate mstari kila ujumbe unapokwisha, ya tatu ichukue jozi mbili za mbele tu, ya nne izipange, ya tano ihesabu zinazofanana. Alibonyeza. Kompyuta ikafikiri kidogo, ikamjibu kwa mstari mmoja mkubwa na vipande vichache vilivyochanika njiani:

1612  79 79

Ujumbe elfu moja mia sita na kumi na mbili, wote na kichwa kimoja, wote mlango umewakataa. Benita alicheka kwa sauti, mpaka Madame Graciella wa mapokezi akageuka kumtazama. Sabini na nane mara mbili, sabini na tisa mara mbili. Namba zimeshikana mikono, mbili mbili, na familia ya pili imekuja mara baada ya ya kwanza. Mapacha! Basi 78 78 ni Mbuyi, na huyu aliyebaki nje kwa wiki tatu bila kusalimiwa ni Kabanga.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo lingeweza kumpata tu mtu aliyezaliwa wawili. Kwa Benita mapacha walikatiwa kitambaa kimoja, walivishwa sawa, walipimwa sawa. Alijua ujumbe wa 78 78 unavyokatwa: kichwa, halafu namba moja inayosema urefu wake, halafu aina yake, halafu mwaka, mwezi, siku, saa, halafu mahali, halafu mwendo, halafu namba ya lori. Akachukua mkasi uleule, akauandika kuwa mstari wa sita, akamkatia na 79 79.

Skripti ikatoa tarehe. Ilikuwa tarehe kumi, mwezi wa ishirini na tano, mwaka wa 2034.

Alisoma mara mbili. Alipoweka mahali penyewe kwenye ramani, ramani ilikataa kabisa, mahali hapo hapapo duniani. Na zile elfu moja na mia sita zilizofuata zilisema hivyohivyo, zote za mwezi wa ishirini na tano, zote nje ya dunia.

Mtu mwingine angepiga meza. Benita, Mungu amsamehe, alianza kuota. Mwezi wa ishirini na tano ukoje? Baada ya Desemba unaendelea tu kutembea, unapita miezi ambayo haijapewa majina, mmoja wa mvua, mmoja wa vumbi, mmoja ambao mijakaranda inachanua tena kwa kujisahau, na kule mwisho, kwenye barabara ambayo haina mji upande huu wala ule, anakuja Kabanga na lori la samaki, taa zimewashwa mchana, kiwiko nje ya dirisha. Hakuna anayemuuliza alikuwa wapi. Kule hakuna Jumamosi. Benita alibaki mahali hapo hata hakusikia simu ikilia, na aliporudi alikuwa na huzuni ya mtu aliyeamshwa.

Halafu hofu ikamwingia. Siku moja namba hizi zitafunguka, alijiambia. Zikifunguka na kusema Kabanga alisimama porini saa nzima, je? Ni yeye Benita atakuwa amezifungua. Ni mkono wake utakaopeleka karatasi kwa Papa Mbusa.

Basi aliongeza mstari wa saba kwenye skripti. Ulikuwa mfupi. Ulisema: kama lori ni 0417, na mwendo ni sifuri, usiuandike ujumbe huo. 0417 ilikuwa namba ya lori la Kabanga. Alijiambia ni tahadhari tu, kama mtu anavyobeba mwavuli.

Jumatano alihangaika siku nzima na hakufika popote. Saa kumi na moja jioni alipita mtaa wa Makomeno kwa mama yake, kwa sababu akichoka huko ndiko miguu humpeleka yenyewe. Mama Albertine alikuwa barazani na cherehani yake, anashona sare za kwaya, sindano mdomoni.

"Uso yako iko namna gani ile?" aliuliza bila kuzitoa sindano.

"Mama, niko na mapasa benye kunishinda. Minabakatia kitambaa sawa, moja inamuenea, ya pili inakuwa mubaya kabisa. Inamupeleka mpaka inje ya dunia."

Mama Albertine aliondoa sindano, akazichomeka kwenye mto, akacheka mpaka mabega yakatikisika. Hakuuliza mapacha gani. Kwake mapacha walikuwa wawili tu.

"Kitambaa sawa, ee. Mais kipimo sawa? Nani alikufundisha ile bujinga? Miye nilifanyaka ile bujinga mara moja, Pasaka ya mwaka yenye mulikuwa na miaka kumi na sita. Nkambo yako, mama ya baba yenu, alisema mapasa wavae sawasawa, nikakata sawasawa. Weye ulipendeza. Kabanga suruali ikamuishia hapa." Aliweka kiganja katikati ya ugoko wake. "Alilia ndani ya choo, mutoto muzima. Njo nikatafuta cahier."

Daftari lilikuwa bado lipo, chini ya mabaki ya vitenge, jalada limeng'oka. Alilifungua kwa kidole chenye subana ya kushonea na kumpa. Mama Albertine alikuwa amejipigia mistari ya wima: jina, urefu, kiuno, kifua, kila namba ndani ya nafasi yake. Mbuyi, urefu 98. Mstari wa chini yake, Kabanga, urefu 106. Lakini nafasi ya urefu ilipigwa ya kutosha tarakimu mbili tu, kwa sababu hakufikiria kwamba mtoto wake angevuka mia. Tarakimu ya tatu ilikuwa imetokeza nje, na kila namba iliyofuata imesukumwa hatua moja kuelekea kulia. Ukisoma bila kuangalia, kiuno cha Kabanga kilikuwa sita.

Benita alishika daftari kwa mikono miwili.

"Urefu yake," alisema polepole. "Urefu yake njo inakamata fasi mbili."

"Iko na miguu murefu," alisema Mama Albertine. "Nilikuambia."

Alhamisi asubuhi alifika ofisini kabla ya Madame Graciella, akafungua skripti, akabadilisha kitu kimoja tu. Kwa kichwa 78 78, urefu uchukue nafasi moja. Kwa kichwa 79 79, urefu uchukue nafasi mbili, ndipo uanze kuhesabu mwaka. Kila kitu kilikuwa kimesogea hatua moja. Mwaka ulikuwa umejiweka kwenye kiti cha mwezi, ndiyo maana mwezi ulikuwa ishirini na tano: ulikuwa ni mwaka huu, 2025, umekaa mahali pasipo pake. Na mwezi wa kumi ulikuwa umejifanya tarehe kumi, na namba ya aina ya ujumbe, 34, ikajifanya mwaka.

Alibonyeza. Alhamisi, mwezi wa kumi, saa nane mchana na dakika nne. Mahali: njia ya Kasenga. Mwendo: kilomita hamsini na mbili. Ujumbe uliofuata, sekunde ishirini baadaye: hamsini na tano. Barabara nzima ilikuwa pale, pinda kwa pinda, saa tatu zote, wiki tatu zote. Kisanduku kiliweka ujumbe wake kilipokosa mtandao, na mtandao uliporudi kiliutuma wote kwa kichwa kingine, kirefu zaidi, ambacho fundi wa Kolwezi hakukifundisha mlango. Malori ya Kasumbalesa hayakukosa mtandao kamwe, ndiyo maana hayakuwahi kuvaa kichwa hicho. Na hapakuwa na kusimama hata kidogo.

Benita alitazama matokeo hayo safi, na furaha haikuja. Alijua sababu. Mstari wa saba ulikuwa bado unafanya kazi. Hakuweza kujua kama njia ilikuwa safi kwa sababu Kabanga alikuwa safi, au kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameifagia.

Alikaa dakika kumi hivi. Kisha akaweka alama ya # mbele ya mstari wa saba, alama inayoiambia kompyuta, hapa pita, usisome. Akabonyeza tena.

Matokeo yalikuwa yaleyale. Uliongezeka ujumbe mchache tu wa mwendo sifuri, dakika sita kila Alhamisi, pale kwenye kizuizi cha ushuru wa barabara ambapo kila gari linasimama, hata la askofu. Na kila ujumbe ulikuwa na namba yake ya zamu mwishoni, ukifuata wa mbele yake bila kuruka hata mmoja. Kisanduku kikichomolewa waya huanza kuhesabu upya kutoka moja. Hiki hakikuwa kimeanza upya wiki zote tatu.

Alilia kidogo, akajifuta na ukingo wa kitenge. Nusu ilikuwa furaha. Nusu ya pili alijua ni nini, lakini hakutaka kuipa jina asubuhi ile.

Jumamosi saa sita kasoro robo Kabanga alikuwa amesimama mbele ya meza ya Papa Mbusa, funguo mkononi, shati limepigwa pasi kama la ubatizo. Benita aliweka karatasi mezani.

"Papa Mbusa, kwenu Banande, muntu akisema jina yake ya kwanza, unajua nini?"

Papa Mbusa aliinua nyusi. "Najua alizaliwa wa ngapi. Miye Mbusa, mbele yangu bandugu bakubwa banaume batano. Iko na fasi gani na camion?"

"Message pia iko na jina ya mbele. Programme yetu ilijua jina moja tu. Message za Kabanga zilikuya na jina ingine, zikabaki ku mulango. Elfu moja na mia sita. Hii njo zote."

Akamwonyesha barabara, saa, mwendo. Akamwonyesha zamu za namba, 2211, 2212, 2213. Papa Mbusa, ambaye alijenga biashara yake kwa kutokuamini maneno ya mtu, alivaa miwani akafuata namba kwa kidole kurasa nne nzima, akitafuta iliyoruka. Mwishoni aliegemea nyuma ya kiti.

"Na hii yote ulifanya na nini? Nionyeshe."

Benita akampa ukurasa wa mwisho, skripti yenyewe. Papa Mbusa aliitazama kwa heshima ambayo watu huwekea dawa wasiyoijua, akaikunja, akamrudishia, kisha akainuka na kuzunguka meza.

"Kabanga, nilikosa," alisema, akamsukumia mkono wenye funguo kifuani. "Batu ba kwetu hatusemake hii maneno mara mbili."

Walitoka wakitembea kwa miguu kuelekea Makomeno, kwa sababu Mama Albertine alikuwa amepika. Kabanga alikuwa anacheka peke yake, anarusha funguo na kuzidaka. Aliomba karatasi ile ya skripti, anataka kuibandika ndani ya kabini, alisema, karibu na picha ya Bikira Maria. Benita akampa. Alikuwa amekusudia kuufuta mstari wa saba kabla ya kuchapisha, akasahau. Au hakusahau, nani anajua.

Kabanga hakujua kusoma amri za kompyuta. Lakini hakuna dereva asiyeijua namba ya lori lake. Chini ya mjakaranda mmoja alisimama.

"Mustari hii. Juu ya nini iko na numéro ya camion yangu? Ingine yote haiko nayo."

Benita angeweza kusema chochote. Angesema ni ya kulitafuta lori, na angeaminiwa.

"Ni ya kufuta," alisema. "Kama ulisimama fasi, ingefuta, patron asione. Kisha nikaifunga, unaona ile alama ya mbele. Haikufuta kintu. Mais niliandika."

"Donc ulijua nilisimama."

"Sikujua."

"Uliwaza."

"Niliwaza, ee."

Aliikunja karatasi mara mbili, mara nne, akaitia mfuko wa shati, na hakurusha tena funguo. Walitembea, yeye mbele na miguu yake mirefu, dada nyuma, na maua yalikuwa yanaanguka polepole kama siku zote. Benita aliona aibu ambayo hajawahi kuiona. Mgeni kutoka Butembo alimshuku Kabanga kwa sababu ya namba. Yeye, aliyekaa naye tumboni, alimshuku bila namba yoyote.

Mama Albertine aliweka sahani mbili mezani, bukari ya moto, ule ugali wa kwao, samaki wa Kasenga, sombe ya majani ya muhogo. Akawamiminia maji mikononi mmoja baada ya mwingine, akarudi kwenye cherehani yake. Baada ya muda aligeuka.

"Juu ya nini hamukule? Ni Kwaresima?"

Benita alikuwa ameweka mikono mapajani na hakuweza kuinua hata mmoja. Hakujiona ana haki ya kuanza. Kabanga alikuwa anatazama sahani yake, bukari inaanza kupoa, mafuta ya samaki yanaganda pembeni. Alikuwa na njaa, alikuwa hajala tangu jana kwa hofu ya Jumamosi, Benita alijua hilo kama anavyojua njaa yake mwenyewe. Naye hakugusa. Sharti la mezani lilikuwa wazi, na alikuwa na hasira, lakini hakuwa amelivunja kwa miaka thelathini na nne.

"Mama, minangojea mukubwa yangu," alisema mwishowe.

Kisha, bila kumtazama, kwa sauti ya chini:

"Anza, Mbuyi. Weye njo wa mbele."

Benita alimega bukari, akaichovya, akaitia mdomoni, na machozi yakamwagika hivyo hivyo juu ya sahani, mama yake akimtazama bila kuelewa. Kabanga alisubiri mpaka akameza. Kisha naye akanyoosha mkono.